Makabati ya mninga yenye vanishi kupakwa nyeupe: kwa nini madoa yanarudi

Swali: "Makabati ya jikoni kwangu Tabata ni ya mninga. Yalipakwa staini nyekundu na vanishi miaka kama kumi na miwili iliyopita. Jiko ni dogo na lina giza, nataka yawe meupe. Fundi alijaribu mlango mmoja: alipiga msasa kidogo, akapaka rangi nyeupe ya mafuta mikono miwili. Baada ya wiki yametokea madoa ya kahawia yenye wekundu, na karibu na kishikio rangi inatoka kwa ukucha. Anasema mkono wa tatu utamaliza tatizo. Ni kweli? Nina milango 14 na droo 6. Na ndani ya makabati nipake pia?"

Si kweli. Mkono wa tatu utaficha madoa siku chache tu, kisha yatarudi, na rangi itaendelea kubanduka, safari hii kwa vipande vinene zaidi. Mlango huo una matatizo mawili tofauti. Rangi haikushika, na kilicho chini yake kinapenya kuja juu. La kwanza dawa yake ni sabuni na msasa. La pili dawa yake ni kitu cha kuziba kabla ya rangi. Rangi nyeupe yenyewe, iwe ya bei gani, haitibu hata moja.

Tuanze na madoa. Mti wa mninga ukikatwa gome hutoa utomvu mwekundu kama damu, wenye tanini nyingi (kemikali ya mti inayotia madoa ya kahawia), na mbao yake ina rangi inayoyeyuka. Ukiipaka rangi ya maji, maji yanaiyeyusha tanini, yanapanda nayo hadi juu, kisha yanakauka na kuiacha pale pale unapoangalia. Ndiyo maana kuongeza mikono hakusaidii, kwa kuwa kila mkono mpya unalowesha upya. Kwako rangi ilikuwa ya mafuta, kwa hiyo wa kutazamwa kwanza ni staini. Staini nyekundu za mafundi wengi wa fenicha ni unga unaoyeyushwa kwenye spiriti au thina, na unga huo huyeyuka tena kila unapokutana na kimiminika cha aina hiyo. Kama fundi alizimua rangi kwa thina kali, thina hiyo ililainisha vanishi, ikaifikia staini, ikaichanganya na nyeupe yake.

Unaweza kuhakikisha kwa dakika tano. Kwenye mlango ambao haujaguswa, kwangua vanishi katika ukingo wa chini, upana wa vidole viwili, kisha sugua hapo kwa pamba nyeupe yenye spiriti. Pamba ikitoka na wekundu mkali papo hapo, hiyo ni staini ya spiriti. Ikitoka na kahawia hafifu, kwa kawaida ni mbao yenyewe. Hali zote mbili zinahitaji kuzibwa, ila ya kwanza itakusumbua kidogo wakati wa kupaka, kama utakavyoona mbele.

(Wenye makabati ya mbao nyingine wasidhani wamepona. Mkongo una rangi ya manjano inayotoka ukipata unyevu. Mvule una kemikali inayochelewesha rangi ya mafuta kukauka, hata ikabaki inanata kwa siku kadhaa. Paini haina shida hizo, lakini vifundo vyake hutoa utomvu wa manjano unaojitokeza kwenye rangi nyeupe kama duara la chai.)

Sasa kuziba. Kizibo ninachokipendekeza kwa mninga wenye staini ni sheleki. Huu ni utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand, na huuzwa kama vipande vyembamba vya rangi ya kahawia vinavyofanana na magamba ya samaki. Yeyusha gramu 250 kwenye lita moja ya spiriti. Tumia chombo cha kioo au cha plastiki, kwani chuma huibadilisha rangi. Tikisa mara kwa mara, iache ilale usiku mmoja, na ikiwa ni ile yenye nta utaona utando mzito wa maziwa ukishuka chini. Iache itulie siku mbili tatu, kisha mimina taratibu ile safi ya juu uitumie hiyo. Nta ikibaki ndani, rangi ya maji utakayopaka baadaye haishiki vizuri. Usichanganye nyingi ya kuweka akiba, maana ikizeeka haikauki sawasawa. Ukipata praima (rangi ya msingi inayopakwa kwanza) nyeupe ya sheleki iliyokwisha tengenezwa kiwandani, nunua hiyo na uokoe kazi ya kuchuja. Ukikosa vyote viwili, tafuta praima ya mafuta iliyoandikwa wazi kwamba inazuia madoa, au praima ya aluminiamu ya mbao, ambayo imetengenezwa kwa mbao zenye utomvu na mafuta. Hizi mbili zinataka saa 16 hadi 24 kati ya mkono na mkono, wakati sheleki inataka saa moja tu.

Kuna mafundi watakaokuambia sandingi sila inatosha. Haitoshi. Kazi yake ni kujaza vinyweleo na kusagika kirahisi chini ya msasa, na kinachoifanya isagike hivyo ni sabuni ya zinki iliyochanganywa ndani yake. Safu nene ya sandingi sila chini ya rangi ngumu ni mahali pazuri pa rangi kubandukia.

Jambo la pili ni rangi kutoka kwa ukucha karibu na kishikio. Pahali penyewe panajieleza, kwani hapo ndipo mikono yenye mafuta ya kupikia imeshika kwa miaka kumi na miwili. Msasa peke yake hauondoi mafuta hayo. Unayasaga, unayasambaza na kuyashindilia kwenye mikwaruzo. Kwa hiyo kuosha kunatangulia msasa, na mpangilio huu haupinduliwi.

Fungua milango na droo zote. Usipake milango ikiwa imening'inia, utapaka bawaba na itaanza kugoma. Kabla ya kufungua, ipe kila mlango namba, na uandike namba hiyo mahali bawaba inapokaa, kisha funika kwa kipande cha utepe wa karatasi. Namba ileile iandike kwenye kabati, ndani, pale bawaba inaposhikia. Skrubu za kila mlango ziweke kwenye kikombe chake. Milango ya fundi seremala wa mtaani hailingani hata ikionekana inalingana, na ukiichanganya utakaa siku nzima unaranda kingo ulizokwisha kupaka.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, kijiko kimoja cha mezani kwa lita nne, ukitumia sponji ya kijani ya kuoshea vyombo. Pita mara mbili karibu na vishikio na kwenye milango iliyo jirani na jiko la gesi. Suuza kwa kitambaa na maji safi, badilisha maji, suuza tena. Zikauke usiku kucha, kisha zifute kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, ukigeuza kitambaa kila kinapochafuka. Hatua hii ya mwisho ni kwa ajili ya zile polishi za kopo za kupulizia fenicha. Nyingi zina silikoni, na silikoni ikibaki, rangi inajikusanya pembeni na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Na usitumie stilwaya kuosha. Vichembe vyake vinabaki kwenye vinyweleo vya mbao, chuma kinakutana na tanini na unyevu, na unapata madoa meusi ya bluu ambayo hukuwa nayo.

Msasa anza na namba 180. Huhitaji kuondoa vanishi yote, maana vanishi nzima iliyoshika mbao ni msingi mzuri na inasaidia kuziba. Unachotafuta ni kuua mng'aro. Inamisha mlango kwenye mwanga wa dirisha. Mahali panapong'aa bado, hata kama ukubwa wa kucha, rangi haitashika hapo. Kwenye kona za paneli na kwenye nakshi msasa mkavu haufiki vizuri, kwa hiyo kunja kipande mara tatu utumie mkunjo wake. Pale vanishi iliponyanyuka au iliyogeuka nyeupe kwa maji, hasa milango ya chini ya sinki, hapo kwangua mpaka kwenye mbao. Vaa barakoa ya vumbi ya N95, si kitambaa. Vumbi la mninga na la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi. Fagia kwa brashi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa spiriti, na kama staini ni ya spiriti tumia tapentaini badala yake.

Kabla ya sheleki kugusa fremu zilizobaki ukutani, funga mtungi wa gesi, toa jiko la mkaa nje na fungua madirisha. Mvuke wa spiriti unawaka kirahisi. Milango ipakie nje, kivulini. Juani mlango unapata joto, rangi inaota ngozi juu kabla ya chini kukauka, na malengelenge yanafuata.

Sheleki inapakwa haraka, kwa brashi laini, mkono mwembamba, na unaelekea upande mmoja ukifuata nyuzi za mbao. Usirudie. Hapa ndipo staini ya spiriti inapoleta usumbufu niliousema. Spiriti ya sheleki itaigusa, na mkono wa kwanza unaweza kutoka na wekundu. Usihangaike kuufuta, na usisugue brashi mbele na nyuma, utazidi kuiamsha. Iache ikauke saa moja, na mkono wa pili, mwembamba vilevile, utaifungia chini. Kwenye mwisho wa mbao, yaani juu na chini ya mlango ambako nyuzi zimekatwa, ongeza mkono wa tatu kwa sababu hapo mbao inanyonya kama mrija.

Sheleki ikikauka, pitisha msasa namba 240 kwa mkono mwepesi, vumbi litoke jeupe kama poda. Likinata au kujiviringisha, haijakauka, subiri. Kisha paka andakoti nyeupe, yaani rangi ya chini inayotangulia ile ya mwisho, mkono mmoja. Sasa ngoja siku mbili. Huu ndio muda wa kipimo, na watu wengi wanauruka kwa haraka ya kuona rangi ya mwisho. Doa likitaka kutokea litaonekana kwenye andakoti, na hapo unaligusa kwa sheleki tena bila hasara. Ukilikuta baada ya rangi ya mwisho, unarudia mlango mzima.

Andakoti pia itakuonyesha vinyweleo. Mninga una vinyweleo wazi, na chini ya rangi nyeupe vinaonekana kama mtu alichoma mlango kwa sindano elfu moja. Ni suala la macho yako. Unaweza kuviacha, na kwangu mimi huo ndio uzuri wa mbao kuendelea kuonekana kuwa mbao. Ukitaka uso laini kama wa kiwandani, vuta puti ya mbao nyepesi kwa kipande cha plastiki kigumu, ukikatisha nyuzi, acha ikauke, msasa namba 180, kisha andakoti tena. Kwa milango 14 hiyo ni siku mbili za ziada. Kitu kimoja usijaze ni mpaka kati ya paneli na fremu ya mlango. Paneli ya mbao halisi imeachwa huru ndani ya mfereji wake ili itanuke wakati wa masika na kusinyaa wakati wa ukavu. Ukiifungia kwa puti, puti itapasuka au paneli itapasuka.

Kuhusu rangi ya mwisho, kosa linaloonekana zaidi ni kutumia rangi ya ukutani iliyobaki. Ile haikazi. Miezi sita baadaye mlango bado unanata kwenye fremu na kila alama ya kidole inabaki. Chukua rangi ya maji iliyotengenezwa kwa mbao na chuma, yenye mng'aro wa silki. Rangi ya mafuta ni ngumu na ni rahisi kupatikana, lakini nyeupe yake hugeuka manjano, hasa mahali pasipofika mwanga, na wewe umesema jiko lako lina giza. Kama ni lazima iwe ya mafuta, chagua krimu tangu mwanzo ili umanjano usikushtue. Izimue kwa tapentaini, isizidi sehemu moja kwa kumi. Mafuta ya taa na petroli, ambavyo vinatumika sana kwa sababu ya bei, huharibu kazi. Mafuta ya taa yanaifanya rangi ikae wiki bila kukauka, na petroli ni hatari ya moto tupu.

Paka nyuma ya mlango kwanza, ukikauka ugeuze. Anza na paneli, kisha vipande vya kulala, kisha vya kusimama, mwisho kingo. Rola ya sponji ya inchi 4 kwa sehemu tambarare, brashi ya inchi 2 kwa nakshi. Ulaze mlango juu ya mbao mbili zilizopigiliwa misumari iliyotokeza ncha. Alama zake ni ndogo na ziko nyuma. Mikono miwili, na wa tatu kwa upande wa mbele tu. Kati ya mikono fuata saa zilizoandikwa kwenye kopo na uongeze kidogo, maana hewa ya Dar ina unyevu. Siku ya mvua acha kabisa. Anza saa tatu asubuhi umande ukiwa umekwisha. Jioni za msimu wa mvua zima taa ya barazani kabla giza halijaingia, la sivyo utaokota kumbikumbi kwenye rangi mbichi mpaka usiku wa manane.

Vipimo. Nimechukulia mlango wa sentimita 40 kwa 70. Pande mbili na kingo ni karibu mita 0.6 za mraba, mara 14 ni 8.4. Droo sita, mbele na kingo, ni kama 0.6. Fremu na ubavu wa makabati weka 4. Jumla 13. Lita moja hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo sheleki mikono miwili ni lita 2 na nusu, yaani gramu zipatazo 600 za magamba. Andakoti lita 2. Rangi ya mwisho utatumia karibu lita 3, nunua kopo la lita 4. Msasa namba 180 karatasi 10, namba 240 karatasi 10. Kama milango yako ni mikubwa, pima upya, usinunue kwa kukisia.

Kabla ya kuendelea na milango yote, jaribu mmoja hadi mwisho, uache siku tatu, kisha kwa wembe kata mistari sita ya kulala na sita ya kusimama, umbali wa milimita mbili, mahali pa siri nyuma yake. Bandika utepe wenye gundi kali, ukandamize, uvute kwa haraka. Utepe ukitoka na nyuzinyuzi tu kwenye mistari, endelea. Ukitoka na miraba mizima, kuna mahali hukuosha au hukupiga msasa, na ni bora kujua kwa mlango mmoja kuliko kwa kumi na minne.

Mlango alioupaka fundi usiuzibe juu kwa juu. Sheleki itaishika rangi vizuri kabisa, na rangi haijashika kitu, kwa hiyo vyote vitabanduka pamoja. Tumia skrepa. Kwa jinsi ulivyoeleza, sehemu kubwa itatoka kwa vipande vipana. Inayogoma isage kwa namba 120 mpaka kingo zake zisihisiwe kwa kidole, kisha mlango uoshwe na kufuata mkondo wa wenzake.

Kama fundi atapendekeza kukupulizia kwa kompresa, ni sawa na matokeo ni laini zaidi, ila muulize anapuliza nini. Rangi ya NC (nitroselulosi), ile ya thina kali, ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta hukunjamana kama ngozi ya mkono uliokaa majini. Ikipulizwa siku yenye unyevu mwingi hupauka na kuwa na ukungu wa maziwa. Rangi ya sehemu mbili yenye kikazio ni bora kuliko zote kwa ugumu, lakini kikazio chake kina kemikali inayoharibu mapafu. Isipulizwe ndani ya nyumba inayokaliwa, na mpulizaji awe na kinyago chenye vichujio, si kitambaa usoni.

Rudisha milango baada ya siku tatu, ukiweka vibandiko vidogo vya mpira kwenye kona za ndani ili rangi isigusane na fremu. Kukauka si kukaza. Rangi ya maji inachukua wiki tatu hadi nne kufikia ugumu wake, na muda huo futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu, bila sabuni kali, na usitundike taulo la maji kwenye kishikio.

Ndani ya makabati, usipake. Vanishi ya ndani haijaguswa na jua wala maji, bado ni nzima, na inasafishika kuliko rangi. Rangi mpya kwenye boksi lililofungwa hutoa harufu inayoingia kwenye unga na mchele kwa wiki kadhaa, na sufuria zitaikwaruza ndani ya mwezi. Paka ukingo wa mbele wa fremu tu, unaoonekana mlango ukiwa wazi, na uishie kwenye pembe kwa kutumia utepe wa karatasi, ukiubandua rangi ikiwa bado mbichi kidogo. Ile lita inayobaki imimine kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi mdomoni, uandike tarehe. Utaihitaji karibu na kishikio cha droo ya vijiko.